Je, Angejikaza Angepona?



Kuna neno moja ambalo nyumba yenye mgonjwa wa akili hulisikia karibu kila wiki. Neno lenyewe ni "jikaze". Mama mkwe hulisema akija kuwatazama wajukuu. Jirani hulisema akiwa amesimama mlangoni. Hata katika Jumuiya Ndogo Ndogo, baada ya sala ya mwisho, hakosekani mtu wa kusema kwa nia njema, "Mwambie ajikaze. Sote tuna matatizo." Na usiku, taa ikishazimwa, mume au mke mwenye afya hujiuliza kimoyomoyo lile swali asilothubutu kumwuliza paroko: Je, angejikaza angepona? Je, mengine anayafanya makusudi?

Swali hili si dogo, wala si dhambi kujiuliza. Lakini jibu utakalolichukua moyoni litaamua jinsi utakavyozungumza na mwenzako kesho asubuhi. Ukijibu, "Ndiyo, angetaka angeweza," utakuwa hakimu wake. Ukijibu, "La, hawezi lolote," utamgeuza kuwa mtoto mchanga katika nyumba yake mwenyewe. Majibu yote mawili huvunja ndoa. Hebu tutafute njia iliyo ya kweli zaidi.

Tunazungumza juu ya ugonjwa gani?

Hatuzungumzi juu ya huzuni ya siku chache baada ya msiba, wala hasira ya mtu aliyekosa karo ya watoto. Tunazungumza juu ya magonjwa mazito. Kuna skizofrenia, ambayo humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, au asadiki kabisa kwamba watu wanamwinda. Kuna baipola, ambayo humpandisha mtu katika nguvu na furaha zisizo na breki, kisha humwangusha gizani. Kuna unyogovu mzito, ambao watu wengine huuita sonona, unaoweza kumlaza mtu kitandani wiki nzima, asitake kula wala kuoga wala kuishi.

Magonjwa haya si ya watu wachache wa mbali. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba skizofrenia peke yake humpata takriban mtu 1 katika kila watu 300. Basi parokia yenye waumini 3,000 yaweza kuwa na wagonjwa kama 10 wa ugonjwa huo mmoja tu, wengi wao wakiwa wamefichwa. Tunawaficha kwa sababu ya aibu. Jina la Mathari, hospitali iliyoanza Nairobi mwaka wa 1910, tumeligeuza kuwa tusi la kurushiana katika matatu na viwanja vya shule. Hakuna anayemtukana mwenzake kwa jina la hospitali ya macho.

Kosa la kwanza: yote yamo mikononi mwake

Mwaka wa 1966 mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Marekani, Julian Rotter, aliandika juu ya jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kusoma. Alisema kwamba watu hutofautiana katika imani yao juu ya chanzo cha mambo yanayowapata. Mmoja huamini kwamba yanatokana na juhudi zake mwenyewe. Mwingine huamini kwamba yanatokana na bahati, au na watu wenye uwezo kuliko yeye.

Sisi huwalea watoto wetu katika imani ile ya kwanza, na ni vyema. Twawaambia, "Penye nia pana njia." Twawaambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Mtoto aliyelelewa hivyo hasubiri kazi imfuate kitandani. Lakini ugonjwa mzito wa akili unapoingia nyumbani, methali hizo hizo hugeuka kiboko. Ikiwa penye nia pana njia, basi yule asiyeiona njia hana nia! Asiyeamka ni mvivu. Anayesikia sauti amezitaka mwenyewe. Na mgonjwa, ambaye naye alilelewa kwa methali hizo, hujichapa kwa kiboko hicho hicho mchana kutwa.

Fikra hii ni ya zamani sana. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi wanapomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza si, "Tumsaidieje?" Wanataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa kumtia hatiani yule kipofu, na anakataa pia kuwatia hatiani wazazi wake. Kisha anachukua udongo na kuanza kazi. Hili tulishike: Bwana alianza kwa kuondoa lawama, ndipo akaponya.

Hata familia takatifu zimeumizwa na lawama hii. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, wa Lisieux nchini Ufaransa, alikuwa na baba mpole aliyeitwa Louis Martin, fundi wa saa. Mke wake, Zélie, alifariki mwaka wa 1877. Mwaka wa 1888 Teresia aliingia utawani. Baba yake alikuwa tayari ameanza kuugua, na akili yake ikazidi kuvurugika. Aliwahi kutoweka nyumbani kwa siku kadhaa. Februari 1889 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko zaidi ya miaka mitatu. Watu walinong'ona kwamba binti zake ndio waliomvunja akili kwa kumwacha na kwenda utawani. Ebu fikirini uchungu wa wasichana wale nyuma ya kuta za monasteri! Lakini tarehe 18 Oktoba 2015, marehemu Papa Fransisko alimtangaza Louis pamoja na Zélie kuwa watakatifu. Walikuwa mume na mke wa kwanza kutangazwa watakatifu kwa pamoja. Kanisa halikuona kwamba miaka ile ya hospitali ilikuwa doa katika utakatifu wake.

Tena lawama haiumizi moyo tu. Inarudisha ugonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti wa Uingereza aitwaye George Brown aliwafuatilia wanaume waliotoka hospitalini baada ya kuugua skizofrenia. Aliona jambo la kushangaza: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao hawakuendelea vizuri kama waliokwenda kupanga chumba au kukaa na ndugu zao. Je, wake na wazazi ni wabaya? La hasha! Familia haikuanzisha ugonjwa ule. Lakini utafiti uliofuata ulionyesha kwamba nyumba yenye kulaumu kwingi, chuki, au wasiwasi wa kumganda mgonjwa kila saa, ilimrudisha hospitalini upesi kuliko nyumba yenye utulivu. Na mwaka wa 1991 watafiti wengine wa huko huko waliona kwamba jamaa waliokuwa wakilaumu sana ndio hasa walioamini kwamba mgonjwa angeweza kujizuia akitaka.

Tazameni basi mnyororo huo: imani huzaa maneno, na maneno huzaa kuugua upya. Mke anayeamini kwamba mumewe "anajifanya" atamsema. Mume atazidiwa. Naye mke ataona kuzidiwa huko kuwa ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Kosa la pili: hakuna lolote mikononi mwake

Wengine, kwa kulikimbia kosa la kwanza, huangukia la pili. Husema, "Huyu amerogwa." Au, "Ni laana ya ukoo wao, tuliambiwa tusioe kule." Au hata kwa sauti ya ucha Mungu, "Ni mapenzi ya Mungu, tutafanya nini?" Mgonjwa hupelekwa kwenye kesha la maombi, akaambiwa atupe vidonge ili aonyeshe imani. Baada ya miezi michache anarudi nyumbani akiwa hali mbaya kuliko mwanzo, naye huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Hivyo aliyeambiwa kwamba hana uwezo wowote hubebeshwa lawama yote mwishoni.

Kanisa halikatai sala. Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao, na mgonjwa mzito wa akili anaweza kuuomba. Lakini Biblia yetu haitenganishi sala na dawa. Yoshua bin Sira, sura ya 38, inatufundisha kumheshimu mganga na kutoidharau dawa, kwa kuwa vyote viwili vimetoka kwa Bwana, na papo hapo inatuagiza tusali. Katika Kitabu cha Tobiti, malaika Rafaeli mwenyewe hakuponya kwa neno tu. Alimwagiza kijana atumie nyongo ya samaki. Kama malaika hakuona aibu kutumia dawa, sisi ni nani?

Kuna sura nyingine ya kosa hili la pili, nayo huvaa vazi la upendo. Ni mke anayemfanyia mumewe kila kitu. Anamjibia maswali ya daktari. Anamficha bajeti hata katika miezi aliyo mzima. Anamtazama kila anapovuka ua. Ni mume anayewaambia watoto mbele ya mama yao, "Msimwulize mama, yeye ni mgonjwa." Mwaka wa 1973 mtafiti Hanna Levenson, akifanya kazi miongoni mwa wagonjwa wa akili, alipendekeza kwamba mawazo yale ya Rotter yagawanywe mara tatu: mtu anaweza kuamini kwamba maisha yake yanatawaliwa naye mwenyewe, au na watu wenye nguvu juu yake, au na bahati tu. Tujiulize, mgonjwa aliyefungiwa mlango leo, akalazimishwa kidonge kesho, akanyang'anywa simu kesho kutwa, atajifunza kuamini lipi? Atajifunza kwamba maisha yake yanatawaliwa na wengine. Na mtu aliyeamini hivyo huacha kujaribu, hata pale ambapo angeweza.

Mvua na jembe

Ukweli uko wapi, basi? Mfikirie mkulima wa Kitui au Makueni. Mvua haimo mikononi mwake. Mwaka wa ukame akivuna vijaa viwili vya pojo, hakuna mwenye akili atakayemwita mvivu. Lakini kutayarisha shamba kabla ya msimu, kuchagua mbegu, kupalilia, kuchimba mitaro ya kuzuia maji yasipotee, hayo yamo mikononi mwake. Anayemlaumu kwa mvua ni mjinga. Na anayemwambia, "Kwa kuwa huna amri juu ya mvua, weka jembe chini," huyo ni adui.

Ugonjwa wa mwenzako ndio mvua. Hakuuchagua. Hawezi kuziamuru sauti zinyamaze, wala kuiamuru furaha irudi kifuani. Jembe ni yale machache yaliyobaki: kumeza dawa, kulala kwa wakati, kuacha pombe na bangi, kwenda kliniki, kusema mapema, "Leo najisikia vibaya." Jembe hili si jepesi kwake kama lilivyo kwako. Kuna siku anaweza kuliinua, na kuna siku halinuki. Kwa hivyo mpaka kati ya yale anayoweza na yale asiyoyaweza hausimami mahali pamoja. Huhama. Kazi ya upendo ni kuutazama upya kila wakati, si kuuwekea mawe mara moja.

Haya ndiyo mafundisho ya Kanisa pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inaeleza katika namba 1735 kwamba lawama ya tendo inaweza kupungua, au hata kufutika, kutokana na mambo kama woga, mazoea na matatizo ya kisaikolojia. Angalieni: inaweza kupungua, au kufutika. Kanisa halisemi kwamba mgonjwa ana hatia yote, wala halisemi kwamba mgonjwa hana hiari kamwe. Linapima kadiri ya uhuru aliokuwa nao mtu saa ile. Nasi tupime hivyo hivyo.

Anapokataa dawa

Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. "Dawa ipo, maji yapo, mdomo anao. Kama hiki nacho hakimo mikononi mwake, basi ni kipi?"

Kabla ya kukasirika, uliza sababu. Dawa nyingine humnenepesha mtu, humtetemesha mikono, humfanya alale kama gogo, au humpunguzia hamu ya tendo la ndoa. Mume anaweza kuona haya kulitaja jambo hilo la mwisho, akaona afadhali azitupe chooni. Hilo si kichwa ngumu, ni jambo la kumweleza daktari, ambaye anaweza kubadilisha dawa au kipimo. Lakini asiache ghafula kwa uamuzi wake mwenyewe, maana ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo. Dawa ya lithiamu huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Na wewe mke unayemeza valproeti, jua kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Zungumzeni na daktari kabla ya kutafuta mimba. Ninyi mnaofuata njia za asili za kupanga uzazi mna nafasi nzuri ya kulipanga jambo hili pamoja.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi. Wakati mwingine ugonjwa wenyewe humficha mtu asijue kwamba ni mgonjwa. Si kiburi. Ni kama jicho lisiloweza kujiona. Kubishana naye saa hiyo ni kuchota maji kwa pakacha.

Kwa hivyo tumieni siku za afya. Mwenzako akiwa mzima, ketini na daftari la kawaida, mwandike pamoja. Ni dalili zipi zitakazotuonyesha kwamba ugonjwa unarudi? Kwa wengi ni usingizi: usiku miwili au mitatu bila kulala ni kengele. Nani aitwe, ni kaka yake, sista wa zahanati au daktari? Twende hospitali gani? Kadi ya benki na simu yenye M-Pesa zikae na nani? Watoto walale wapi? Mwacheni yeye mwenyewe aseme, na yeye mwenyewe atie sahihi. Siku akiugua, hutakuwa ukimtawala. Utakuwa ukitimiza neno alilolisema alipokuwa na hiari yake. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2022, nayo inamtambua mgonjwa kuwa na haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Haki hiyo ianzie mezani kwenu.

Bila hatia, lakini si bila wajibu

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Tuseme mume, akiwa amepandwa na baipola, alimuuza ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi, akagawa pesa sokoni. Baada ya miezi miwili ametulia. Ng'ombe hayupo. Watoto wanakunywa chai ya rangi. Mke aseme nini?

Akisema, "Umetuangamiza," atamtwika hatia ambayo huenda Mungu hakumwandikia. Akisema, "Usijali, haikuwa wewe," na kisha akalia peke yake jikoni, atakuwa amesema uongo wa nusu. Ndiyo, ugonjwa ndio uliotenda, lakini hasara imebaki, na machozi ni ya kweli.

Tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa: kuwa na hatia, na kuwa na wajibu wa kutengeneza. Mtoto akivunja dirisha la jirani bila kukusudia, hatumchapi, lakini baba yake hutafuta kioo. Mgonjwa aliyetenda bila hiari hana dhambi ya kupeleka kwenye Kitubio kwa tendo lile, na asiteswe na dhamiri ya uongo. Hata hivyo anaweza kusema, "Nasikitika kwa yaliyotupata kupitia mikono yangu." Anaweza kupanda mboga za kuuza ili wanunue ndama. Mke naye anaweza kusema, "Baba watoto, sikulaumu kwa siku zile. Lakini ng'ombe hayupo, na mimi niliumia. Tutafanyaje, wewe na mimi?"

Sikilizeni tena maneno hayo. Hayamhukumu, wala hayamwondolei utu uzima. Humrudishia nafasi yake kama mume. Mgonjwa asiyetakiwa kurekebisha chochote huona kwamba hatarajiwi kitu tena duniani, na huko ni kufa kabla ya kifo.

Na wewe uliye mzima?

Wewe pia una mvua na jembe. Huna uwezo wa kumponya mwenzako. Mke mwingine hujisumbua akisema, "Pengine ningepika mapema, pengine nisingemjibu siku ile." Weka mzigo huo chini. Maneno yako yanaweza kuutuliza ugonjwa au kuuchochea, lakini si wewe uliyeuleta, na hata ukiwa mtakatifu unaweza kurudi siku nyingine.

Someni sura ya 2 ya Kitabu cha Tobiti mkiwa wawili. Tobiti amekuwa kipofu, na mkewe Ana anafanya kazi ya kusuka ili wapate kula. Siku moja anapewa mwana-mbuzi juu ya ujira wake. Tobiti anamshuku kwamba amemwiba. Ana anakasirika na kumjibu kwa ukali. Biblia haikuificha hasira ya mwanamke huyo aliyechoka, wala haikumfuta katika hadithi. Nyumba ile ilikuwa na ugonjwa, umaskini, shuku na maneno makali, na bado malaika aliitembelea. Basi ukichoka, sema umechoka. Omba dada yako aje mwisho wa wiki. Waambie wanajumuiya hivi: "Msituletee ushauri, tuleteeni kuni, na mmoja akae naye nami niende Misa."

Uvumilivu una mpaka. Wagonjwa wengi wa akili si wakali kamwe. Lakini pakiwa na hatari ya kweli, panga au vitisho vya kuua, ondoka na watoto usiku huo huo, utafute msaada. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi kutengana na mwenzake anayemhatarisha vikubwa yeye au watoto, kimwili au kiroho, hadi sababu hiyo iishe. Kujiokoa si kuvunja kiapo. Kwa upande mwingine, ugonjwa uliokuja baada ya harusi hauvunji ndoa halali. Kama unadhani kwamba siku ya arusi mmoja wenu hakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa, hilo ni jambo la mahakama ya jimbo, na paroko atakuonyesha njia.

Akianza kuzungumza juu ya kufa, usimkemee kwamba anatafuta kuhurumiwa. Mwulize waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Ondoa dawa za kunyunyizia mimea na kamba, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Katekisimu nayo, katika namba 2282 na 2283, yatambua kwamba matatizo mazito ya nafsi hupunguza lawama, na inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Nabii Elia mwenyewe, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, aliketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumwambia ajikaze. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili, kabla ya kumpa safari nyingine.

Jibu letu

Je, angejikaza angepona? La. Kujikaza hakuponyi skizofrenia kama kusivyoponya malaria. Je, hana basi lolote la kufanya? Analo, na ni letu pamoja naye. Siku ya arusi hamkuahidiana kuponyana. Mliahidiana kuwa waaminifu katika afya na katika maradhi. Uaminifu huo, katika nyumba kama hizi, una sura mbili: kutomdai mwenzako yale ambayo ugonjwa umemnyang'anya, na kutomnyang'anya wewe yale ambayo ugonjwa umemwachia.

Maswali ya kuzungumza wawili

1. Katika mwezi uliopita, ni jambo gani nililokulaumu ambalo halikuwa mikononi mwako?

2. Ni jambo gani nililokufanyia ambalo ungeweza kulifanya mwenyewe? Je, ungependa nikurudishie?

3. Tukiandika lile daftari leo, nani angekuwa mtu wetu wa kwanza kumpigia simu?

Sala

Ee Bwana, uliyeambiwa na jamaa zako mwenyewe kwamba umerukwa na akili, utazame nyumba yetu. Utuondolee lawama isiyo ya haki. Umpe mgonjwa wetu nguvu za leo kwa kazi ya leo. Umpe anayemtunza usingizi na rafiki. Na siku jembe lisipoinuka, ukae nasi shambani. Amina.